Mashimo Ndani ya Bamba la Chuma

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Naanza kwa salamu, maana walimu wa misheni walitufunza kwamba hata asiye na wa kumwandikia asianze kwa pupa. Habari za siku nyingi, daftari. Nakuomba radhi kwa kimya cha siku nane. Kidole gumba kilivimba kwa baridi. Udhuru mwembamba, lakini ndio huo.

Chai bila sukari. Kidonge cha presha. Nimefagia ngazi na kutoa pipa nje, lile la buluu wiki hii. Jirani alinipungia mkono. Nikamwomba radhi kwa kelele za magurudumu.

Binti yangu Mghoi alitoka saa kumi na mbili asubuhi. Anatunza wazee katika makao fulani huku huku Edmonton, kwa Waingereza. Anawaogesha watu wa umri wangu, kisha anarudi kuniuliza kama nimekula. Naona haya.

Wakio, bintiye wa pekee, amemaliza masomo ya uhandisi. Anataka kuwa afisa wa mitambo katika jeshi la majini. Tarehe 25 ataketi mbele ya jopo, na atatakiwa kuzungumza dakika kumi juu ya mada aliyoichagua mwenyewe: jinsi Marekani ilivyoacha merikebu za mbao ikajenga manowari za chuma cha pua, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Kwa kuwa nilifundisha historia miaka thelathini na mmoja, amenifanya msaidizi wake. Nimefurahi kupita kiasi. Tangu nifike nchi hii sijapewa kazi ya maana.

Ameacha pia fomu mezani. Ukurasa mmoja tu. Sijaigusa.

Jumanne, 4 Novemba

Tumefanya mazoezi jikoni baada ya chakula. Wakio alisimama mbele ya friji, mimi nikawa jopo.

Amesoma vizuri. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Wamarekani waliziacha merikebu zao zioze. Mizinga yao bado ilishindiliwa risasi kupitia mdomoni. Manahodha waliamriwa kutweka matanga ili wasichome makaa. Hata Chile, nchi ndogo, ilikuwa na manowari bora kuliko zao. Nilimwambia aliweke hilo mwanzoni. Nchi hujenga jeshi kwa aibu mara nyingi kuliko kwa hatari.

Manowari zao za kwanza za chuma cha pua bado zilibeba milingoti na matanga. Injini zilikuwapo, lakini hawakuziamini.

"Kama wewe, mume wangu," akasema. "Jiko la umeme hilo hapo, na bado unatembea na kiberiti mfukoni."

Ana jina la marehemu mke wangu. Kwa desturi yetu, basi, yeye ni mke wangu na mimi ni mumewe. Utani huo ndio Kiswahili anachokipenda. Mengine yote hunijibu kwa Kiingereza. Nilicheka hadi nikakohoa.

Nilimkumbusha asiache mwisho wa habari. Manowari zikishajengwa hazikai bandarini. Haikuchukua miaka mingi, zikawa Cuba, zikawa Ufilipino. Chombo cha vita hakitulii hadi kipate vita.

"Babu, mimi sitakuwa kwenye mizinga. Nitakuwa chini kabisa, kwenye injini."

Chini kabisa, kwenye injini. Maneno hayo yamenikaa vibaya.

Jumatano, 5 Novemba

Leo nimesema uongo kwa maandishi. Nauandika hapa ili usipotee.

Fomu ile ni ya jeshi, ya afya. Wakio alikaa kwetu Taita tangu umri wa miaka mitano hadi saba, mama yake alipokuwa akihangaikia karatasi za kuishi hapa. Kwa miaka hiyo miwili wanataka maelezo ya mtu aliyemlea. Mke wangu hayupo. Nimebaki mimi.

Swali: mtoto aliwahi kuugua nini?

Ukweli ni huu. Alianguka mara tatu. Mara ya kwanza uwanjani shuleni. Mara ya pili kanisani, wakati wa ushirika mtakatifu, mbele ya watu wote. Mara ya tatu kando ya mafiga, na nywele zake ziliungua upande mmoja kabla sijamfikia. Mwili ukikakamaa, macho yakienda juu, povu mdomoni. Daktari wa hospitali ya misheni alisema kifafa. Alimpa vidonge vyeupe, nusu asubuhi, nusu jioni, zaidi ya mwaka. Hakuanguka tena.

Mke wangu alikataza jina hilo lisitamkwe. Mtoto amebeba jina lake. Ugonjwa ukitajwa juu ya mtoto umetajwa juu yake pia, na juu ya kila atakayepewa jina hilo baadaye. Ndivyo mama yake alivyomfunza, na ibada zote za misheni hazikuing'oa imani hiyo. Mghoi aliambiwa kwa simu kwamba ni malaria. Mtoto mwenyewe hakuambiwa kitu. Kadi ya hospitali iliingia motoni nikiwa nimesimama mlangoni. Kisha mke wangu akaniwekesha mkono juu ya Biblia, niape kunyamaza.

Leo niliandika: malaria, mara mbili. Hakuna jingine. Nikatia sahihi, na chini yake "mwalimu mstaafu", kana kwamba cheo kitaulainisha uongo.

Wakio aliipiga picha kwa simu akaituma pale pale. Sikumaliza hata kufunika kalamu.

Jioni fataki. Waingereza huzilipua kila tarehe kama ya leo. Madirisha yanatikisika. Naogopa.

Jumamosi, 8 Novemba

Wakio amepata hazina yake. Alishuka ngazi mbio, kompyuta mkononi.

Marekani ilipoanza kujenga manowari kubwa haikuwa na viwanda vya kutengeneza deraya, yale mabamba mazito ya chuma yanayofunika ubavu. Ilibidi wajifunze. Katika kiwanda kimoja walijifunza haraka kuliko inavyofaa. Chuma kikipoa vibaya hubakiza viputo vya hewa, na viputo ni mashimo. Wasimamizi wa zamu waliyajaza mashimo ya juu na kuyasawazisha. Na bamba lililoteuliwa kwenda kujaribiwa kwa mzinga, walilirudisha tanuruni kwa siri, liwe gumu kuliko wenzake. Mkaguzi wa serikali alipima, akaridhika, akatia sahihi.

Yalifungwa kwenye manowari. Mabaharia wakalala nyuma yake.

"Na walijuaje?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Wafanyakazi wachache walikwenda kusema. Imagine, Babu! Wangekaa kimya, nani angejua? Bamba lilikuwa zuri kwa macho."

Ataifanya hiyo iwe kiini cha dakika zake kumi. Anasema kila mtu huzungumzia mizinga na mwendo kasi, hakuna anayezungumzia sahihi.

Nilimwambia ni mada nzuri sana. Nikaenda kulala mchana, jambo nisilolifanya kamwe.

Jumapili, 9 Novemba

Ibada Stratford, ukumbi tunaokodi. Leo ni siku ya kukumbuka waliokufa vitani. Watu wamebandika maua mekundu ya karatasi kifuani. Nami nimebandika.

Mchungaji alimwita Wakio mbele. Akina mama walipiga vigelegele. Mama Saru, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alipaza sauti: "Mwanamaji wetu huyo! Ukipata meli, sisi tunapanda bure!" Ukumbi ukacheka. Mchungaji akaomba Mungu amlinde kilindini. Sote tukasema Amina.

Mimi pia nilisema. Kwa sauti.

Baada ya ibada wazee wawili walinipa mkono kwa mjukuu niliyemlea. Niliwashukuru, nikawaomba radhi. Hawakujua radhi ya nini.

Jumatano, 12 Novemba

Hili naliandika polepole.

Asubuhi Wakio alikuwa akimimina chai. Kikombe kilijaa, akaendelea kumimina. Chai ikavuka kisahani, ikafika kitambaa, ikadondoka sakafuni. Macho yake yalikuwa ukutani. Nilimwita. Nilimwita tena. Midomo yake ilikuwa ikitafuna, na hapakuwa na kitu mdomoni.

Kisha akarudi. "Aa! Nimemwaga. Samahani, Babu, nilikuwa nawaza hotuba."

Inawezekana. Vijana huwaza. Hakuna usingizi wa kutosha siku hizi.

Nilipangusa sakafu.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimemtazama siku nzima. Hakuna kitu. Huenda ni macho yangu ya uzee. Mungu anisamehe, nataka yawe macho yangu.

Jumamosi, 15 Novemba

Si macho yangu.

Tulikwenda Stratford kununua viatu vyeusi vya mahojiano. Alivipata, vinang'aa, alivivaa dukani akapiga saluti mbele ya kioo. Muuzaji akamrudishia saluti. Nilisahau yote kwa nusu saa.

Wakati wa kurudi tulisimama jukwaani. Treni ilitangazwa. Nilikuwa nikimweleza jinsi mabamba mabovu yalivyochunguzwa na kamati ya Bunge. Hakujibu. Nikageuka. Alikuwa amepita mstari wa njano, mfuko wa viatu ukining'inia, uso mtupu. Midomo ikitafuna. Akapiga hatua moja mbele, kama mtu anayeitwa.

Nilimshika mkono wa koti nikavuta kwa nguvu zote nilizo nazo, ambazo si nyingi. Treni ikaingia na upepo wake.

"Babu! Mbona unanivuta hivyo? Utanichania koti."

Hakukumbuka hatua ile. Alidhani uzee umenishika. Akaniketisha, akanifunga skafu shingoni, akanipigapiga mgongo. Yeye ndiye aliyenifariji mimi.

Nilihesabu vituo vyote hadi nyumbani ili nisizungumze mbele ya watu.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda ibadani. Nilisingizia kifua. Wakio alikwenda peke yake, nami nikakaa na simu mkononi hadi alipotuma ujumbe kwamba amefika.

Mghoi alikuwa na mapumziko. Alikuwa akipiga pasi sare zake. Nikamwomba azime pasi aketi. Nikamwambia yote, tangu uwanja wa shule hadi mstari wa njano. Nilisimama, kama tulivyosimama mbele ya mwalimu mkuu.

Alikunja sare moja, akaikunjua. Kisha:

"Nilipiga simu kila Jumapili, Baba. Kila Jumapili! Nikiuliza, 'Mtoto hajambo?' Na wewe ndiye ulikuwa unapokea."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulikuwa unaniambia anakimbiakimbia tu na mbuzi."

"Alikuwa akikimbia. Siku nyingine."

"Mimi nashika watu wenye kifafa kwa mikono hii kila wiki. Nawalaza ubavu, nahesabu dakika. Wa watu! Na wangu sijui?"

Nilimtaja mama yake na kiapo. Si kwa kujitetea, nilidhani. Lakini nikisoma sasa, ilikuwa kujitetea. Mghoi alisema mama alimpenda mtoto kwa njia aliyoijua, na amelala, haulizwi kitu. "Wewe uko hai. Na wiki iliyopita ulishika kalamu."

Hana kosa katika neno hata moja.

Alitaka kumwambia Wakio mwenyewe. Nilimwomba aniachie mimi. Alisema nina hadi Jumanne, na kwamba kabla ya hapo mtoto hatapanda treni peke yake, ataona sababu ya kumsindikiza.

Jumatatu, 17 Novemba

Mghoi hajaniamkia. Ameweka chakula changu mezani kimefunikwa, cha moto. Hiyo ni mbaya kuliko angekisahau.

Wakio anafanya mazoezi huko juu. Nasikia nyayo zake: hatua sita, geuka, hatua sita. Zikisimama kwa muda mrefu nami nasimama.

Jumanne, 18 Novemba

Nimemwambia.

Nilichagua saa nne asubuhi, jikoni, mwanga ukiwapo. Nilimwomba anipe hotuba yake kwanza, nikijua ni woga wangu unaomba muda. Akaitoa yote bila karatasi. Ni nzuri. Alipofika kwa mkaguzi aliyetia sahihi bila kujua, aliuliza jopo, yaani mimi: "Nani alaumiwe zaidi, aliyetia sahihi, au aliyejaza shimo akamkabidhi kalamu?" Akangoja kidogo, kama alivyopanga.

Nikasema: "Wakio, mimi ndiye niliyejaza."

Hakuelewa. Nikamweleza. Safari hii sikumtaja bibi yake hadi aliponiuliza.

Mwanzoni alicheka. Kisha akaniuliza ni upande gani wa kichwa nywele ziliungua, nikamwonyesha, akapashika. Akasema kwa Kiingereza kwamba amekuwa akipoteza dakika tangu kiangazi. Anajikuta chumba kingine. Basi limepita kituo chake mara mbili. Alidhani ni uchovu. Hakumwambia mtu, maana aliogopa wangesema hafai.

Basi tulikuwa wawili tunaoficha kitu kimoja katika nyumba hii, kila mmoja kwa upande wake.

Kisha hasira ikafika. Sijawahi kumwona hivyo.

"Ulinisikiliza siku kumi nikisoma habari za yale mabamba! Ulinisahihisha tarehe! Ulikuwa umeketi hapo hapo!"

"Ndiyo."

"Usingeniambia leo, unajua nilikuwa naenda wapi? Chini ya maji, Babu. Watu wengine wakinitegemea mimi."

"Ndiyo, mke wangu."

"Usiniite hivyo leo."

Akapanda juu. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa taratibu kabisa.

Nimestahili. Nilimwibia mambo mawili: onyo alipokuwa mdogo, na sasa ndoto yake. La kwanza ni kubwa zaidi, lakini ni la pili analolilia.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Viatu vipya viko kwenye boksi lao nyuma ya mlango. Nimevikwepa kila nilipopita.

Namkasirikia mke wangu. Sijawahi kuandika sentensi hiyo. Namkasirikia, kisha namwona akimpepea mtoto kwa ncha ya kanga baada ya kuanguka, akiimba, akinionya kwa macho nisilie. Alikuwa akiogopa. Mimi nilikuwa mwalimu, nilikuwa na vitabu, nilijua zaidi. Nikaona ni adabu kunyamaza.

Ijumaa, 21 Novemba

Wakio aliwapigia simu watu wa jeshi mwenyewe, mchana, spika imewashwa, mama yake kando. Nilikaa kwenye ngazi, nikijua si mahali pangu. Alisema maelezo ya afya aliyoyatuma yana kosa na anayaondoa. Hakusema kosa la nani.

Mtu wa upande wa pili alikuwa na adabu. Mahojiano yamefutwa. Alishukuriwa kwa ukweli wake. Alipouliza kama huenda baadaye, yakaja maneno mengi laini ambayo mwisho wake ulikuwa hapana.

Mghoi alimkumbatia. Wakio akasema, "Mum, usinionee huruma, nitapiga kelele." Kisha akapiga kelele kweli, mara moja, ndani ya mto wa kochi. Wakacheka wote wawili huku wakilia. Sikuthubutu kushuka.

Daktari wa mtaa amempa miadi Jumatatu. Atapelekwa kupimwa ubongo. Amekatazwa kuendesha gari, kuoga akiwa amejifungia, kupanda ngazi ndefu. Daktari anataka habari kamili za utotoni kutoka kwa aliyeziona. Kadi haipo, ni majivu. Niko mimi.

Jumamosi, 22 Novemba

Jua kidogo. Baridi imepungua.

Nimeandika barua kwa daktari tangu asubuhi, kurasa tatu kwa Kiingereza cha misheni. Nilianza kwa kumwamkia na kumwomba radhi kwa kuchelewa kwa miaka kumi na minane. Nikaeleza maanguko matatu, yalivyoanza, yalivyodumu, upande uliokakamaa kwanza. Rangi ya vidonge na kipimo chake. Kisha kikombe cha chai, na jukwaa la treni. Niliandika jina la ugonjwa kwa ukamilifu, na mbele yake jina la Wakio, mara mbili, kwenye mstari mmoja. Mkono ulisita. Hakuna kilichotokea. Redio ya jirani iliendelea kuimba.

Mwishoni nilieleza kwamba maelezo yangu ya awali, yenye sahihi yangu, yalikuwa ya uongo, na kwamba nilijua.

Wakio aliingia, akaisoma akiwa amesimama. Alisahihisha neno moja la kitabibu. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanipa ndizi.

Nilimwambia naweza kuipeleka mwenyewe, au Mghoi aipitishe akienda kazini, ili asibebe jambo kama hilo mkononi. Akaikunja mara mbili, akaitia bahasha, akaandika jina la daktari kwa mwandiko wake ulionyooka.

Ataipeleka Wakio mwenyewe, Jumatatu, saa tatu na robo. Amesema naweza kufuatana naye hadi mlangoni, nikitembea upande wa barabara, kati yake na magari.